Damu ya Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewatoa damu watu watatu. Hakuna aliyezimia. Naandika hapa kwa sababu kazini hakuna anayeandika mambo yangu mazuri.

Habari kubwa! Msimamizi wa sampuli anastaafu mwisho wa mwezi. Atakayeshika nafasi yake atapewa ufunguo wa friji kubwa, ule unaovaliwa shingoni kwa utepe mwekundu. Tunaogombea ni wawili: mimi na Bwana Lebo wa meza ya pili. Mtu huyu hubandika lebo kila kitu. Kikombe chake kina lebo. Kiti chake kina lebo. Stepla yake ina lebo mbili, mbele na nyuma, isije ikageuka ghafla. Januari alitutoa damu wafanyakazi wote, akasoma jeni zetu, akazifungia kwenye faili la maabara. Nilimwuliza za nini. Akasema za usalama. Ugonjwa tu huo.

Utafiti tunaoufanya ni wa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hapa, ndiyo maana jengo zima linaniita Mjomba, hata Profesa, mkuu wa maabara, aliyenizidi miaka ishirini. Utafiti ukifaulu, Aprili binti yetu anakuwa daktari wa shahada ya uzamivu. Ukiharibika, miaka minne imekwenda na maji. Kazi yangu ni moja: watu kumi na wawili waliochanjwa chanjo ya mafua, damu zao ziwe mezani kabla ya Ijumaa saa sita, mashine ya kusoma jeni itakapowashwa. Ninao kumi na mmoja.

Mpwa akaanza kunieleza jambo kuhusu watu kumi na watu wa akiba. Sikumsikia vizuri. Bwana Lebo alikuwa anapita huku akijipima utepe shingoni. Nikamwambia mpwa asiwe na wasiwasi, wa kumi na mbili yumo mfukoni mwangu. Akanishukuru. Akishukuru anakuwa na macho ya mama yake yaleyale.

Mfukoni mwangu hamna mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimehangaika mchana kutwa. Mlinzi wa getini amechanjwa, ila akiona sindano anakimbia, na yule ndiye tunayemtegemea siku ya wezi. Muuza magazeti ameuliza kama damu yake atarudishiwa ikishasomwa. Mke wangu amesema atanipa chochote nitakacho isipokuwa damu, kwa kuwa hiyo nimemnyonya vya kutosha.

Saa ya chai nikamwuliza mpwa, kwa adabu tu, utafiti wenyewe unahusu nini hasa. Kosa! Chai ilipoa.

Alisema hivi. Kingamwili, zile zinazokamata vijidudu, hutengenezwa na seli B. Vijidudu havina idadi, na jeni zetu zina idadi. Basi mwili hauweki jeni moja kwa kila kijidudu. Unaweka vipande vya jeni, kama makabati matatu ya vitambaa. Kila seli B, ikiwa bado changa ndani ya uboho wa mfupa, inachukua kipande kimoja kutoka kila kabati bila kuchagua. Inakata vya katikati, inavitupa, inaunga ilivyochukua. Na palepale kwenye mshono inachomeka herufi za ovyo ambazo hazikutoka kwa baba wala kwa mama. Mshono huo ndio hasa unaokamata. Nusu ya pili ya kingamwili ina makabati mawili tu, lakini hapo nilikuwa namalizia biskuti.

Akasema mishono ya mtu ni yake peke yake. Hata mapacha waliofanana mpaka kucha, mishono yao ni mbalimbali.

Sasa, kwa kuwa seli zinaunga bila kuangalia, nyingine zinatokea zinaukamata mwili wenyewe. Hizo hupewa nafasi ya kuunga upya. Zikikaidi, zinauawa. Zinazosalimika zinasubiri. Chanjo ikiingia, zile zinazoikamata japo kidogo zinakimbilia kwenye tezi, zinajinakili kwa makosa ya makusudi, kisha zinapimwa. Inayoshika sana inabaki. Iliyolegea inakufa. Halafu duru nyingine, na nyingine tena.

Nimeduwaa. Kumbe mwili unabahatisha! Mimi naishi hivyohivyo tangu shule ya msingi, ila kwangu wanaita uzembe.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimpata! Dereva wa lori, kachanjwa, ana mishipa minene kama bomba la bustani. Aliahidi kuja saa mbili asubuhi. Saa tatu akapiga simu kuwa yuko mpakani na shehena ya matikiti. Nikamwambia ageuze lori. Akakata simu.

Saa tano. Saa sita. Bwana Lebo akapita na kuniuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, Kumi na Mbili yuko wapi. Nikamjibu anavua koti. Mpwa alikuwa dirishani anapanga tyubu. Kumi na moja zina damu, moja tupu. Aliitazama ile tupu muda mrefu. Afadhali angenigombeza.

Ndipo wazo likanijia. Nani mwingine mwenye damu hapa? Mimi! Nani kachanjwa? Mimi! Tena nimechanjwa vizuri kuliko wote. Mwaka jana nilichanjwa kazini, miezi mitatu baadaye nikachanjwa tena kwenye zahanati ya barabarani kwa sababu walikuwa wanagawa miavuli. Mwaka huu tena, wiki mbili zilizopita. Kanuni inasema wafanyakazi wa maabara hawaruhusiwi kujitolea. Lakini kanuni haisemi lolote kuhusu mtu asiyekuwepo.

Nikajifungia chumba cha vifaa. Raba ya kufungia mkono mdomoni, sindano mkononi. Kila siku nawaambia watu haitauma. Uongo mtupu! Inauma sana! Nikaamka sakafuni na tyubu imejaa. Hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Nikajaza fomu. Namba Kumi na Mbili, mwanamume, miaka thelathini na minne, fundi wa saa, urefu futi sita na inchi mbili, nywele nyingi. Nilikuwa na peni nzuri nikajisahau.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tano na dakika hamsini nimekabidhi tyubu kumi na mbili. Profesa amenipiga bega. Mpwa amenikumbatia mbele ya watu. Bwana Lebo amekagua lebo ya Kumi na Mbili, mbele, nyuma, chini. Hakuona kosa. Alitembea kama mtu aliyemeza kizibo.

Nimejaribu jinsi utepe mwekundu utakavyokaa shingoni kwa kutumia mkanda wa koti la mke wangu. Unanipendeza.

Jumatatu, 17 Machi

Majibu yametoka. Jamani!

Profesa alituita wote. Miwani iko kwenye paji la uso. Amesema katika damu zote kumi na mbili kuna moja ya ajabu. Seli zake zimepita duru nyingi mno kwenye tezi. Kila duru makosa mapya, kila duru zilizolegea zimetupwa, mpaka zimebaki chache zinazokikamata kirusi cha mafua zikagoma kukiachia. Ana mshono mmoja mzuri kiasi kwamba Profesa ameuchapa kwenye karatasi kubwa na kuubandika ukutani.

Ni Kumi na Mbili. Ni mimi! Moyo uliniruka paa! Nikasimama kushukuru, nikakumbuka, nikajifanya nanyoosha mgongo.

Baadaye wakaanza. Karani akasema lazima Kumi na Mbili ni mtu anayejitunza. Mfagizi akasema mafundi saa huwa watulivu. Hata mpwa wangu, damu yangu mwenyewe, akasema angependa siku moja amwone mtu huyo. Nikasema labda ni mtu wa kawaida tu, mwenye kitambi kidogo. Wakanicheka. Karani akaniambia nisimwonee wivu, futi sita si jambo la kila mtu.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Mke wangu akauliza nimegombana na nani. Nikamwambia fundi saa. Akasema hatuna saa.

Jumanne, 18 Machi

Balaa. Profesa anataka kumwona Kumi na Mbili uso kwa uso, siku nzima ya kesho ameiacha wazi. Anataka kumshukuru, kumpiga picha, na kumtoa damu nyingine kidogo. Nikasema ni mtu wa aibu. Akasema yeye pia ni wa aibu. Nikasema amehama. Akasema atamfuata alipo.

Mtu wa kumwendea katika shida ni mmoja tu: shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Hana kazi maalumu na hana maswali mengi. Nimemweleza kila kitu. Ameuliza kama kuna biskuti.

Jumatano, 19 Machi

Shemeji amekuja kama Kumi na Mbili. Miaka hamsini na moja. Futi tano na kitu. Kichwa kinang'aa hadi taa za dari zimejiona humo.

Profesa akaitazama fomu, akamtazama shemeji, akaitazama fomu. Nikawahi kusema maisha yamempiga sana tangu tarehe sita. Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni. Bwana Lebo akamwomba amtazamie saa yake, inachelewa. Shemeji akaitikisa sikioni, akasema imekufa, pole sana. Ilikuwa inatembea.

Lakini Profesa akiwa na furaha haoni. Amempiga picha shemeji chini ya mshono wangu. Mshono wangu! Amempa mkono kwa mikono miwili. Karani amempa pakiti nzima ya biskuti. Mpwa wangu alikuwa safarini kwenye maktaba ya chuo. Bahati hiyo tu, maana anamjua shemeji tangu alipokuwa anambeba mgongoni.

Kisha wakamtoa damu. Nikajituliza. Damu ni damu.

Jumatatu, 24 Machi

Damu si damu.

Bwana Lebo aliisoma damu ya shemeji mwisho wa wiki, kwenye mashine ndogo, bila kutumwa. Asubuhi akaweka karatasi mbili mezani kwa Profesa. Upande mmoja mishono ya Kumi na Mbili ya tarehe sita. Upande wa pili mishono ya shemeji. Hakuna hata mmoja uliolingana. Hata mmoja! Tena shemeji hajawahi kuchanjwa mafua. Seli zake nyingi ziko zilivyotoka kwenye uboho, hazijawahi kuitwa kazini, kama yeye mwenyewe.

Profesa akavua miwani. Akauliza mtu anawezaje kubadilisha mishono yake yote kwa siku kumi na tatu. Nikapendekeza kwamba pengine ni mabadiliko ya umri.

Mpwa alikuwepo. Alikuwa ameiona picha ukutani. Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Hakuniumbua mbele yao. Aliniheshimu mbele za watu, nami nikaona aibu hadi kwenye nyayo.

Jumanne, 25 Machi

Kumbe faili la Januari lina kazi! Bwana Lebo amechukua mishono ya Kumi na Mbili akailinganisha na ya wafanyakazi wote. Imelingana na mtu mmoja, mshono kwa mshono, hadi zile herufi za ovyo. Akaja na faili amelishika kwa mikono miwili kama sinia la harusi.

Lakini mtu yule, pamoja na ujanja wake, hakufikiria kwamba kuna binadamu anaweza kujitoa damu mwenyewe na kumzua fundi saa. Amesema nimechafua sampuli. Nilijikata, amesema, au nilipiga chafya, damu yangu ikaingia kwenye tyubu na kuifunika ya fundi saa.

Nikashusha pumzi. Uchafu ni kosa dogo! Nikaanza kuinamisha kichwa kama mchafu mwenye majuto. Ndipo Profesa akasema, polepole, kwamba kama damu ya Mjomba imeingia kwenye tyubu moja, haiwezekani kuziamini zile kumi na moja. Zote zilifunguliwa siku moja, meza moja, mikono ileile. Zitupwe. Zikusanywe upya. Mashine ina nafasi Julai.

Julai! Mpwa anatakiwa kuwasilisha Aprili.

Nikasema huenda alikuwa mbu. Mbu aliyeninyonya mimi, akaenda kutua kwenye tyubu ya Kumi na Mbili, akajikwaa. Profesa akauliza mbu huyo alikuwa na mililita ngapi.

Jioni wakati wa kufunga nilimkuta mpwa ameketi sakafuni mlangoni pa chumba cha baridi, viatu kavua, fomu zote kumi na mbili mapajani. Halii. Anazipanga kwa namba, akimaliza anazipanga tena. Akaniambia Mjomba, nenda nyumbani, mkeo atakuwa anakusubiri. Mimi nimemwingiza kwenye shimo, naye ananihurumia kwa kuchelewa kula.

Sijala.

Jumatano, 26 Machi

Nimesema.

Niligonga kwa Profesa saa mbili kasoro. Nilikuwa nimeandaa mipango mitatu mingine, mmoja una mlinzi wa getini ndani yake, lakini nilipofungua mdomo ukatoka ukweli, sijui ulipitia wapi. Raba mdomoni, sakafu, futi sita na inchi mbili, shemeji, vyote. Nikasema tyubu kumi na moja hazikuguswa. Yangu niliijaza chumba cha vifaa, mlango umefungwa, tarehe sita, baada ya zile nyingine kuzibwa. Mtupu wa adabu ni mimi, tyubu hazina kosa.

Profesa akavaa miwani. Akamwita mpwa na Bwana Lebo. Bwana Lebo akazipitisha zile kumi na moja kwenye faili, moja moja, sisi tumesimama. Saa mbili nzima. Sijawahi kumwombea mtu huyu mema kama leo. Hakuna mshono wangu hata mmoja ndani ya hizo. Safi zote!

Mpwa akafunika uso kwa viganja. Safari hii alilia.

Basi nikauliza, kwa sauti ndogo, tutampata wapi wa kumi na mbili. Profesa akanitazama kwa mshangao. Akasema hahitajiki. Utafiti uliidhinishwa kwa watu kumi. Wawili walikuwa wa akiba, kama mtu atatoroka. Imeandikwa ukurasa wa kwanza wa fomu. Mpwa akasema, bila hasira, kwamba alinieleza Jumatatu ile.

Watu kumi na akiba! Nilikuwa naangalia utepe!

Tulipobaki wawili nikamwomba msamaha. Nimemwomba vizuri, bila nyongeza. Akasema amenisamehe, kisha akanipa somo lake. Mjomba, mipango yako unaiunga kama seli B, bila kuangalia, na hapo sina neno. Shida ni kwamba kila unaoutoa unakamata watu wa kwako mwenyewe. Mwilini ungeshauawa zamani. Lakini hata mwilini seli hupewa nafasi ya kuunga upya. Basi jiunge upya, Mjomba.

Nikamwambia nimeelewa. Tulicheka kidogo. Nikajipangusa machozi kwa koti la maabara, ambalo kanuni pia inakataza.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpwa amefaulu! Daktari! Wazee watano kwenye meza ndefu walimhoji saa tatu, naye hakutetereka. Dada yangu alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Kwenye ukurasa wa shukrani ameandika anamshukuru mjomba wake kwa kumfundisha kukagua kila kitu mara mbili. Nimeusoma mara nne. Mke wangu anasema si sifa. Mimi naona ni sifa.

Bwana Lebo amepata ufunguo. Utepe wake una lebo. Mimi nimehamishiwa kuosha vyombo vya maabara kwa miezi mitatu, sindano marufuku. Ni haki. Nimebadilika sana. Nimekuwa mtu mwingine kabisa, mke wangu tu ndiye hajaona.

Saa ya chai daktari wetu mpya akatueleza utafiti unaofuata. Anatafuta mapacha, jozi tano, wasiofanana sura pia wanafaa. Jozi nne zimepatikana. Ya tano inasumbua. Alisema hayo huku anatazama dirishani, na macho yalikuwa yaleyale ya mama yake.

Safari hii nimesikiliza kila neno, tangu mwanzo. Nimejifunza. Na nimekumbuka jambo alilolisema mwenyewe kwa kinywa chake: mishono ya mapacha haifanani. Basi watu wawili wakija na mishono mbalimbali kabisa, nani atashangaa?

Jioni nikapita kwa shemeji. Amekubali, ila ametaka kujua kwanza nani kati yetu ndiye aliyezaliwa mapema. Nikamwambia mimi. Akasema haiwezekani, yeye ana upara. Tumegombana mpaka chai imepoa, na kesho asubuhi narudi kwake na fomu.